Neema na Deni la Jirani

Neno neema husikika sana makanisani, na watu waliolisikia tangu utoto hudhani ya kuwa wanalijua. Wengine hulichukua kama ruhusa: Mungu ni mwema, naye husamehe, basi mtu na aendelee kama alivyokuwa. Wengine hulichukua kama mshahara: mtu akijitahidi mwaka mzima, akatoa sadaka na kushika amri, mwishoni atalipwa kwa kadiri ya kazi yake. Fikira hizi mbili zaonekana kupingana, lakini matokeo yake ni mamoja, kwa maana zote humwacha mtu palepale alipokuwa, na mzigo wake kichwani.

Mafundisho ya Kikristo yasema vingine. Neema ni kipawa apewacho mtu asiyestahili, tena hupewa kabla hajatengeneza lolote. Zakayo, mkuu wa watoza ushuru wa Yeriko, hakuitwa baada ya kurudisha fedha za watu. Aliitwa angali juu ya mkuyu, mwenye deni lake lote, na Yesu akaingia nyumbani mwake huku watu wakinung'unika. Ndipo Zakayo aliposimama na kuahidi kuwapa maskini nusu ya mali yake, na kumrudishia mara nne kila mtu aliyemdhulumu. Utaratibu huo wafaa kuangaliwa vema. Kupokewa kulitangulia, malipo yakafuata. Kama angalitakiwa kumaliza malipo kwanza, labda angalizeeka juu ya daftari zake.

Katika Afrika Mashariki jambo hili lilionekana wazi tangu miaka ya 1930, katika uamsho ulioanzia Gahini, kilima kilicho juu ya Ziwa Muhazi, mashariki mwa Rwanda. Hapo palikuwa na kituo cha misioni na hospitali, na daktari wake alikuwa Mwingereza, Joe Church. Nchi ilikuwa imepatwa na njaa kali, wagonjwa walikuwa wengi, na daktari mwenyewe alikuwa amechoka mwili na moyo. Mwezi wa Septemba 1929 akaenda Kampala kupumzika, na huko katika kilima cha Namirembe akakutana na Simeoni Nsibambi.

Nsibambi alikuwa Muganda aliyefanya kazi ya serikali katika mambo ya afya. Zamani alitumaini kupelekwa ng'ambo kwa masomo, naye akakosa nafasi hiyo. Kila mtu aliyengojea barua ya namna hiyo, kisha akaona jina la mwingine limeandikwa, ajua uchungu wake. Lakini katika uchungu huo Nsibambi alitambua ya kuwa uzima aliopewa na Mungu ulikuwa bora kuliko masomo aliyoyakosa, akaanza kuwahubiri watu. Daktari na yeye wakakaa pamoja, wakasoma Biblia na kuomba. Siku zile Mzungu alikuwa bwana na Mwafrika alikuwa mtumishi, hata ndani ya kanisa. Kwa hiyo kukaa kwao kama wahitaji wawili mbele ya Mungu mmoja halikuwa jambo dogo.

Hata hivyo Gahini haikubadilika kwa siku moja. Watumishi wa hospitali waligombana, na kazi ilikuwa ikilegea. Mkubwa wao alikuwa Yosiya Kinuka. Naye akaenda Kampala kuonana na Nsibambi, akaulizwa habari za hospitali, akaeleza makosa aliyoyaona. Nsibambi akamwambia ya kuwa ubaya wa hospitali ulitokana na dhambi iliyokuwa ndani ya moyo wake mwenyewe Kinuka. Neno hilo lilikuwa chungu. Lakini njiani akirudi, Kinuka alilikubali, akajitoa kwa Mungu. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Na huyu mtumishi wa hospitali, aliyezoea kuangalia maradhi ya wengine, alikubali kuonyesha ya kwake.

Mwenzake katika kazi hiyo alikuwa Blasio Kigozi, ndugu yake Nsibambi, aliyefika Gahini kufundisha shule. Kigozi alihuzunika kuona Wakristo waliopoa, waliokwenda kwenye meza ya Bwana huku wakiishi katika dhambi inayojulikana na kijiji kizima. Alifanya kazi kwa haraka kama mtu ajuaye ya kuwa siku zake ni chache. Mwezi wa Januari 1936 alifariki kwa homa, angali kijana, lakini wito wake wa kuwaamsha waliolala ukachukuliwa na wengine mpaka Uganda, Kenya na Tanganyika. Katika Uganda waliofuata njia hiyo waliitwa Balokole, yaani waliookoka.

Jambo lililowashangaza jirani zao lilikuwa hili. Watu hao hawakuridhika kuungama kwa Mungu peke yake, faraghani, ambako hapana mtu asikiaye. Walikwenda kwa waliowakosea. Aliyeiba alirudisha alichoiba, na asiyekuwa nacho tena alikwenda kusema na kuomba muda wa kulipa. Mume alimwomba mkewe msamaha, jambo ambalo wazee wengi hawakuwahi kuliona. Mmisionari aliungama kiburi chake mbele ya Waafrika, na watu wa makabila yaliyodharauliana wakala chakula pamoja.

Waswahili husema, dawa ya deni ni kulipa. Mtu aweza kuuliza: ikiwa Mungu amekwisha kusamehe, kwa nini kulipa tena? Jibu ni kwamba deni lilikuwa na wadai wawili. Karani aliyechukua shilingi ishirini katika sanduku la ofisi amemkosa Mungu, lakini pia amemkosa mwenzake aliyeshukiwa badala yake. Mkulima aliyesogeza mpaka wa shamba usiku amemkosa Mungu, lakini watoto wa jirani ndio wanaolala njaa kwa ajili ya mahindi yasiyopandwa. Mungu hamsamehe mtu kwa kumdhulumu jirani yake mara ya pili. Neema huondoa hofu iliyomfanya mwizi afiche. Na hofu ikiondoka, miguu yaweza kwenda kule ambako zamani haikuthubutu.

Haifai kueleza habari hizi kana kwamba waliookoka walikuwa malaika. Baadhi yao walijiona wema kuliko wote, wakawahukumu mapadre wao na Wakristo wenzao kwa maneno makali. Mwaka 1941 wanafunzi 26 wa chuo cha theolojia cha Mukono, akiwamo William Nagenda, walifukuzwa kwa sababu ya ugomvi uliotokana na mambo hayo. Kuungama nako kwaweza kuwa fahari: mtu akasimulia dhambi zake za kale kama askari asimuliavyo vita, ili asifiwe. Ndiyo maana ndugu wenye hekima walirudia kufundisha ya kuwa toba si safari ya siku moja tu, bali ni kazi ya kila siku.

Katika Kenya ujumbe huu ulihubiriwa Kabete mwaka 1937, ukaenea mashambani na mashuleni. Jaribu lake kubwa lilikuja baada ya Hali ya Hatari kutangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Dhuluma ya ardhi ilikuwa kweli, na waliookoka waliishi ndani yake kama jirani zao. Lakini walikataa kiapo cha Mau Mau, wakisema ya kuwa wamekwisha kushiriki damu ya Kristo na hawawezi kula kiapo kingine. Na wengi wao wakakataa vilevile kushika bunduki za serikali. Hivyo walishukiwa pande zote mbili, na wengine wakauawa. Mtu aweza kukubaliana nao au asikubaliane nao. Lakini hapana awezaye kusema ya kuwa imani yao ilikuwa ya Jumapili tu.

Liko jambo zito zaidi, na atakayesifu uamsho wa Gahini bila kulitaja hasemi kweli yote. Mwaka 1994, katika muda wa siku mia moja hivi, mamia ya maelfu ya watu, wengi wao Watutsi, waliuawa katika nchi ileile ya Rwanda. Wengine waliuawa ndani ya makanisa walimokimbilia, na wauaji wengi walikuwa watu waliobatizwa. Wako Wakristo waliowaficha jirani zao na kufa pamoja nao. Lakini wako pia walioimba nyimbo zilezile za wokovu, kisha wakachukua panga.

Swali hili haliwezi kujibiwa kwa wepesi, lakini somo moja ni dhahiri. Neema hairithiwi kama shamba. Baba aliyeungama hawezi kumwachia mwanawe moyo uliovunjika. Aweza kumwachia Biblia, wimbo na jina la ubatizo, na vitu hivyo vyaweza kukaa nyumbani mwa mtu mwenye chuki. Kila kizazi huitwa upya, na kila mtu hujibu kwa kinywa chake.

Baada ya mauaji hayo, mahakama za gacaca zilikaa vijijini mpaka zikafungwa mwaka 2012. Mshtakiwa aliyeungama aliweza kupunguziwa adhabu; kwa hiyo wengine waliungama kwa kuihesabu miaka ya kifungo, na wengine kwa sababu hawakuweza tena kuubeba mzigo. Macho ya binadamu hayawezi kuwatenganisha siku zote. Hapo deni lilikuwa la namna isiyolipika, maana mbuzi hurudishwa na shilingi hurudishwa, lakini mtoto wa mtu harudishwi. Hapo ndipo Mkristo asemapo ya kuwa msalaba ndio tumaini la mwisho la mwenye deni, kwa kuwa hana kitu kingine cha kuleta. Lakini tumaini hilo halimpi haki ya kumwamuru mjane asamehe kesho asubuhi. Mwenye deni ndiye apaswaye kutembea, kusema kweli yote, kuonyesha mahali maiti zilipozikwa, na kungoja. Mjane akisamehe, naye ametoa neema. Akishindwa, hapana mtu mwenye ruhusa ya kumlaumu.

Haya yote yawahusu hata watu ambao makosa yao hayakuandikwa katika historia. Wako wengi waliokata tamaa, si kwa sababu hawamwamini Mungu, bali kwa sababu wanaona ya kuwa wamechelewa mno: deni limekuwa kubwa, uwongo umekwisha kujengewa nyumba, na aliyekosewa amehama au amezeeka. Habari za Gahini zawaambia ya kuwa hawahitaji kuwa wema ndipo waende kwa Mungu. Waende walivyo. Kisha, wakiisha kupokewa, waondoke waende kwa jirani, hata kama ni kwa shilingi moja ya kwanza katika shilingi mia.

Safari hiyo ya pili mara nyingi ni fupi kwa miguu na ndefu kwa moyo. Mtu huitembea na kinywa kikavu, asijue kama mlango utafunguliwa au utafungwa. Lakini haendi kama mtu aliyefukuzwa. Huenda kama mtu aliyekwisha kupokewa, na hiyo ndiyo nguvu yake ya kubisha hodi.