Mhina wa Bibi

Wenzangu katika kurasa hizi wameandika habari za safari, za mitihani, na za nyuki waliowatoa mbio. Mimi habari yangu ni ya mti. Na si mti wa kukaa kivulini wala wa kuangua matunda. Ni mhina tu, kichaka kisichozidi kimo cha mtu mzima, kilichoota nyuma ya nyumba yetu hapa Matondoni, baina ya kisima na jiko. Lakini kwa kichaka hicho nilikosana na Bibi, na dada yangu akapata alama ambayo haijafutika hadi leo.

Mhina ukiutazama mara ya kwanza hauna cha kukuvutia. Majani yake ni madogo, yamekaa mawili mawili, na ni kijani mwaka mzima, hata kaskazi inapovuma na kukausha kila kitu uani. Matawi yakizeeka huota miba, ndiyo maana wengine huupanda kuwa ua wa kuzuia mbuzi. Ukitoa maua, basi hapo ndipo utajua una jirani: ni maua madogo, meupe ya kuelekea manjano, lakini jioni harufu yake huingia mpaka chumbani.

Bibi aliupanda kwa kipande cha tawi, unene wa kidole, wakati wa masika, mwaka aliozaliwa mama yangu. Mara mbili kwa mwaka alikuwa akiufyeka bila huruma mpaka nikidhani anauua. Kumbe machipukizi mapya ndiyo yenye rangi. Majani aliyaanika kivulini, kwa sababu jua likiyapiga rangi hufifia, kisha tukayatwanga kinuni na kuyachunga kwa kitambaa chepesi. Mwenye harusi mtaani alikuja na bakuli lake, na hakurudi nalo tupu.

Mei 2023 Bibi alikwenda Mombasa kupasuliwa mtoto wa jicho, akakaa huko kwa mjomba mpaka Agosti. Asubuhi ya kuondoka, mguu mmoja umo mashuani, aliniambia, "Muhina usiutie mai. Mvua yatosha."

Nilisema ndiyo. Ndiyo ya mdomo.

Nilikuwa Kidato cha Pili, na mwalimu wetu wa Kilimo alikuwa ametufundisha kwamba naitrojeni ndiyo inayokuza majani. Mhina si majani? Dada yangu alikuwa anaolewa Agosti hiyohiyo, na mimi nikaona hapa ndipo pa kuonyesha elimu. Samadi ya punda haina shida kisiwani kwetu, ukiinama tu umeipata. Nikairundika shinani. Siku za wiki nilikuwa nikikaa Amu kwa shangazi kwa ajili ya masomo, basi nikamwamuru mdogo wangu autie ndoo mbili kila jioni, na Ijumaa nikirudi nauongeza mimi. Maji ya kisima, maji ya kuoshea mchele, yote humo humo. Kisu sikukigusa.

Loo! Mti ulinawiri. Majani yakawa mapana, laini, yanang'aa kama yaliyopakwa mafuta. Jirani alichungulia akasema, "Mashaallah, una mkono wa baridi." Nikavimba kichwa.

Bibi alirudi wiki moja kabla ya harusi, jicho lake jipya likiona mpaka sisimizi. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya nyumba. Akachuma jani, akalifikicha kiganjani, akakitazama kiganja. Kisha akasema polepole, "Mayani haya yamelewa mai."

Alinieleza siku nyingine, hasira zilipopoa. Mhina hutia rangi kwa taabu. Jua liuchome, ardhi iukaukie, hapo ndipo majani hukaza na kukoza. Nimesoma baadaye kwamba Sojat, mji wa India wenye sifa kubwa ya hina duniani, uko Rajasthan, nchi ya ukame ambako mvua ni ya kubahatisha. Mimi nilikuwa nimeubembeleza mti kama mchicha.

Lakini muda wa kungoja haukuwapo. Tukaanika, tukatwanga, tukakanda kwa ndimu, tukaacha unga uvumue usiku kucha. Usiku wa hina dada alipakwa mikono na miguu akalala nayo. Asubuhi tulipobandua, wageni walinyamaza. Ilikuwa rangi ya chai iliyozidi maziwa! Bibi akasema tungoje, hina huendelea kukoza siku ya pili, na kweli ilisogea kidogo, lakini kidogo tu. Dada alilia. Ni nani anayetaka kutolewa mbele ya watu na mikono kama hajapakwa kitu?

Hapo akatokea mmoja na pakiti ya unga mweusi wa nywele, ile wanayoita piko. Bibi alikataa. "Hiyo ni ya nywele, si ya ngozi." Lakini nyumba ya harusi ina wakubwa wengi, na dada mwenyewe alisema alishapakwa Idi iliyopita asidhurike. Akachorwa maua meusi, mazuri kwa kweli, kutoka vidoleni hadi kiwiko.

Fungate haikwisha. Siku ya tatu mikono ikaanza kumwasha, kisha ikatoa malengelenge, na malengelenge yenyewe yalifuata ua kwa ua, jani kwa jani, kama aliyechora kwa moto. Hospitalini daktari alitueleza kwamba wanja ule una dawa iitwayo parafenilinidiamini. Mwili huweza kuivumilia mara ya kwanza, ukaikataa mara ya pili. Na ukishaikataa ni maisha: dada hataweza kutia nywele rangi ya aina hiyo tena. Katika nchi za Umoja wa Ulaya dawa hiyo huruhusiwa katika rangi za nywele kwa kipimo, lakini kuipaka ngozini ni marufuku. Kwetu, dada zangu wa chama hiki, pakiti tunaichovya kijiti na kujichora, tena huku tunaimba.

Bibi hakunigombeza hata neno moja. Afadhali angenigombeza. Alinipa kisu na kusema, "Kata." Nikaukata mpaka magotini. Nikaondoa samadi kwa mikono, kikapu kwa kikapu, nikarudisha mchanga. Ndoo ikahamia kwenye mipapai.

Ulikaa wiki kadhaa umebaki vijiti, nami kila Ijumaa nikaenda kuutazama kama mgonjwa. Kisha ukachipua. Kaskazi ilipovuma, Februari 2024, majani yalikuwa madogo, magumu, yamekunjamana kwa jua. Bibi akafikicha moja, akanionyesha kiganja bila kusema kitu. Dada alikuja siku hiyo. Bibi alimpaka tone moja nyuma ya sikio, akangoja siku mbili, ndipo akampaka viganja. Rangi ilitoka kama damu ya mzee. Juu ya mikono, zilipokuwa zile chora, ngozi ina baka jepesi. Ukimshika mkono kwenye mwanga utaliona lile ua.

Desemba 2024 UNESCO iliandikisha hina katika urithi wa dunia usioshikika, kwa ombi la nchi 16 za Kiarabu, Omani na Yemeni zikiwemo. Nilimsomea Bibi habari hiyo. Aliuliza kama Amu imo. Nikamwambia haimo. Akasema, "Haya," akaendelea kuchambua mchele.

Masika yaliyopita nilichomeka vipande vitano kando ya ukuta, upande usiofikiwa na maji ya jikoni. Viwili vimekufa, vitatu vimeshika. Dada ananiuliza kila akija kutoka kwa mumewe, vitakuwa tayari lini? Namwambia mwaka ujao, inshallah, vikikaa na kiu. Leo jioni nimepita na ndoo mkononi, nikavitazama, nikaenda zangu kwenye mipapai.