Mensa ya Kumeza

Mwaka 1976 nilikuwa mwalimu wa Kilatini katika seminari ndogo moja ya bara, na nilijiona mtu kweli. Kidato cha Kwanza kilikuwa na wavulana arobaini. Niliingia darasani na kitabu kimoja, sarufi ya Kennedy, iliyotungwa Uingereza katika karne ya 19 kwa ajili ya watoto wa huko. Somo la kwanza halikubadilika mwaka hata mwaka: mensa, mensa, mensam, mensae, mensae, mensa. Hapo umoja umekwisha. Vuta pumzi, uanze wingi. Wavulana waliimba kwa pamoja mpaka mpishi naye akaijua mensa vizuri, akiikoroga pamoja na uji.

Wenyewe waliita kazi hiyo kumeza. Usiku walimeza, asubuhi wakatapika kwenye karatasi ya mtihani, na mimi nikatoa maksi.

Lugha yenyewe ilikuwa imeanza kukosa makao. Mwaka 1962 Papa Yohane XXIII alitoa waraka wa kuitetea katika seminari zote. Mwaka uliofuata Mtaguso mkuu wa maaskofu ukaruhusu lugha za watu katika ibada. Nilipoanza kufundisha, misa ilikuwa ya Kiswahili, na vijana wangu hawakukisikia Kilatini popote ila kinywani mwangu. Nadhani hiyo ndiyo sababu nilikuwa mkali. Mwenye mali inayopungua huilinda kwa fimbo.

Siku moja kijana wa Bagamoyo alinyoosha mkono. “Mwalimu,” akasema, “mensa si ndiyo meza?”

Darasa likaangua kicheko. Mimi nikahesabu makosa mawili: kafanya mzaha na somo, tena kaufanya kwa Kiswahili, lugha iliyokatazwa darasani. Nikampa fyekeo na kipande cha uwanja nyuma ya bweni. Alifyeka siku tatu. Hakunyoosha mkono tena mwaka ule, na mwaka uliofuata hakurudi. Gombera, mkuu wa seminari, hakuniuliza, nami sikumtafuta kijana yule.

Miaka mingi baadaye nilikuwa nafungua kamusi kuukuu inayotaja asili ya maneno. Meza: limetokana na Kireno, mesa. Na mesa, hilo nililijua tangu ujana wangu, ni mtoto wa mensa. Neno lilitoka Roma, likakaa Ureno, likapanda merikebu zilizofika pwani yetu mwaka 1498 na baada ya hapo, likashuka. Kijana yule alilikuta nyumbani kwao, akila chakula juu yake. Nilimpa adhabu kwa kusema kweli.

Tangu hapo maneno yakaanza kunisuta moja moja. Wavulana walikuwa wakiita seminari yetu gereza, nami nikiwakemea. Kumbe gereza ni igreja ya Wareno, yaani kanisa, nayo igreja inatokana na ecclesia ya Kilatini. Ngome zenye kanisa ndani zilipewa jina hilo, na watu walipofungwa ngomeni jina likawafuata wafungwa. Hata shule, tuliyoipata kwa Wajerumani, mzizi wake ni schola.

Sarufi nayo ilikuwa mlangoni, nami nikaizungusha njia ya Uingereza. Kennedy alilazimika kumweleza mtoto wa Kiingereza kwamba sifa hufuata jina: servus magnus, mensa magna, templum magnum. Mtoto wetu ameshazoea mtu mkubwa, kitu kikubwa, mahali pakubwa. Ana ngeli nyingi kuliko Mrumi. Amabo ni neno moja, na nitapenda ni neno moja. Mwingereza anahitaji matatu. Ningeanzia kwenye ngeli, ningeokoa muhula mzima.

Hata Warumi walikwisha kuzungumza Kiswahili. Mwaka 1963 ilichapishwa tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar. Ilikuwamo maktabani mwetu. Sikuipeleka darasani hata siku moja.

Lakini linaloniuma zaidi ni sentensi niliyoiandika ubaoni kila mwaka: servus mensam portat, mtumwa anabeba meza. Niliwauliza nani mtenda, nani mtendwa, tukaendelea. Kwa sheria ya Roma mtumwa yule alikuwa mali kama meza aliyoibeba. Na mbele yangu ameketi mtoto wa Bagamoyo, mji ambako misafara ya watumwa ilifika baharini, ambako wamisionari waliofika mwaka 1868 walijenga kijiji cha waliokombolewa. Nilipofundisha utamaduni wa Kirumi nilizungumzia vazi la toga, barabara zilizonyooka na mifereji ya maji. Sikuuliza nani aliyechimba.

Sasa nimestaafu. Jioni mbili kwa juma wanakuja vijana wawili wa parokia wanaotaka kwenda seminari, tunakaa barazani. Sianzi na kitabu. Naweka juu ya meza kipande cha sabuni, leso na pakiti ya karata. Mama watoto hapendi karata nyumbani, lakini ameshazoea. Nawauliza haya yametoka wapi. Sabuni imefika kwa Waarabu, leso na karata kwa Wareno, na nyuma yao wote yupo Mrumi. Kisha nagonga meza yenyewe, nasubiri. Mmoja aligundua mwenyewe wiki iliyopita, akacheka mpaka akainama.

Nilikuwa na arobaini nikiwa sijui hili. Leo ninalijua, nina wawili.

Mwalimu mwenzangu, mwanafunzi akikuuliza jambo kwa Kiswahili, usikimbilie fyekeo. Fungua kamusi kwanza.