Kahawa ya Baba, Migomba ya Mama

Kihambani kwetu, yaani shamba letu la nyumbani, upande wa kusini wa Kilimanjaro, mali ilikuwa na wenyewe bila maandishi. Kahawa ilikuwa ya baba. Ndizi, maziwa na maharage vilikuwa vya mama. Baba alipeleka kahawa chama cha msingi, nacho kikaiuza kupitia KNCU, ushirika wetu uliozaliwa miaka ya 1930. Ada za shule na mabati ya nyumba vilitoka huko, kwa hiyo mibuni ndiyo iliyohesabika kuwa shamba. Migomba ilikuwa mambo ya jikoni.

Ila mibuni yenyewe iliishi kwa hisani ya vingine. Juu kabisa miti ya mringaringa na mruka ilitoa kivuli na kumwaga majani; chini yake migomba, kisha mibuni, na ardhini magimbi. Mgomba uliokwisha kuzaa ulikatwa ukaliwa na ng'ombe zizini, samadi ikarudi shinani. Maji ya mfongo, mfereji wa kumwagilia, yaliletwa kwa zamu, na asiyetokea siku ya kuuzibua alitozwa faini.

Mwaka 1989 mgao wa mauzo chini ya Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa ulivunjika, bei ikaporomoka. Dawa ya chulebuni, ugonjwa wa kahawa, ikawa ghali kuliko mavuno. Baadhi ya majirani waling'oa mibuni wakapanda mahindi, na miti ya kivuli ikaishia kwa wapasua mbao. Nyumbani, ada za wadogo zangu zikaanza kutoka kwenye mikungu ambayo mama aliishusha soko la Mbuyuni, Moshi. Mfanyabiashara wa mbao alipokuja kupima mringaringa wetu, mama ndiye aliyemjibu: ukiondoka mti, unyevu unaondoka, na migomba inafuata. Baba hakubisha.

Mwaka 2011 FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, iliutambua mfumo wa vihamba, kwa mfano wa kijiji cha Shimbwe Juu, kuwa urithi wa kilimo wa dunia. Sifa hiyo ilitukuta bado tuna miti. Hatari ya sasa ni kugawana: kihamba kikikatwa vipande kwa kila mtoto wa kiume, nyumba zinameza migomba. Kimila, chetu kingemwendea kitinda mimba wa kiume. Tumekubaliana kisigawanywe, na msimamizi wake ni dada yetu. Ameshapanda miche ya kahawa kutoka TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa iliyoko Lyamungu, inayostahimili chulebuni, nayo ameiweka chini ya migomba.