Mawe ya Merrivale na Neno "Sijui"

Mwezi Oktoba mwaka 2009, nilipokuwa Uingereza kwa mafunzo ya ualimu ya miezi mitatu, niliomba ruhusa ya kufuatana na darasa moja la watoto wa miaka tisa na kumi waliokuwa wakipelekwa na mwalimu wao kutazama mawe ya kale. Nilikubaliwa. Wanachuo wangu wameniuliza mara nyingi habari za safari ile, nami nimekuwa nikiwajibu kwa mkato, kwa sababu kuieleza barabara kunanilazimu kueleza pia jambo lililotokea Kondoa miaka mingi kabla yake, ambalo silioni fahari. Katika makala haya nitayaeleza yote mawili.

Mahali penyewe panaitwa Merrivale, katika nyanda za juu za Dartmoor, kusini-magharibi ya Uingereza. Usidhani, msomaji, kwamba ni nyika kama zetu. Ni nchi iliyoinuka, tupu, isiyo na miti isipokuwa mabondeni. Majani yake ni mafupi na magumu, na chini ya majani mna udongo mweusi wa mboji ulioshiba maji, hata mguu huzama ukikanyaga vibaya. Juu ya vilima yamechomoza majabali ya itale yaliyopangana kana kwamba yamepangwa kwa mikono, ambayo mtu wa Mwanza angeyatambua mara moja. Siku ile ukungu ulikuwa umeshuka na upepo ulipenya koti. Gari lilituteremsha kando ya barabara, mahali palipokuwa zamani na shule ya watoto wa wachonga mawe. Sasa pamebaki miti michache na vipande vya kuta. Kutoka hapo tulikwenda kwa miguu.

Nilikuwa nimekwisha kuona picha za Stonehenge, kwa hiyo nilitazamia mawe makubwa ya kutisha. Tulipofika sikuona kitu. Mwalimu yule, mama wa makamo aliyevaa viatu vya mpira, alisimama akawaambia watoto: "Tumefika." Nikatazama huku na huku. Kisha nikaona kwamba vijiwe nilivyokuwa nikivipita, vingi vyake visivyozidi magoti yangu, vilikuwa vimesimamishwa katika mistari miwili iliyokwenda sambamba, na kati ya mistari hiyo mtu mmoja aliweza kupita. Mistari ilinyooka kuelekea mashariki mpaka ikamezwa na ukungu. Ng'ambo ya mfereji mdogo wa maji palikuwa na jozi nyingine kama hiyo. Jozi ya kusini ina urefu wa mita 260 hivi, na ile ya kaskazini mita 180 hivi. Wataalamu wa mambo ya kale hukadiria kwamba mawe ya Merrivale yalisimamishwa kati ya mwaka 2500 na mwaka 1000 K.K., katika zama ambazo watu wa huko walikuwa bado hawajajua kufua chuma.

Nakiri kwamba nilisikitika. Nilijiuliza ni nini cha kufundisha hapa kwa saa nne.

Yule mama hakufundisha, kwa maana niliyoijua mimi. Aliwagawa watoto wawili wawili, akawapa kamba yenye mafundo, penseli na karatasi iliyofungwa juu ya ubao mdogo, akawatuma wahesabu mawe ya jozi moja na kupima nafasi baina ya jiwe na jiwe. Yeye alikaa juu ya jabali akanywa chai yake. Baada ya nusu saa walirudi na hesabu zisizolingana hata mbili. Hapo ningalisema mimi, "Jibu sahihi ni hili," na kazi ingalikwisha. Yeye aliwauliza kwa nini hazilingani. Mmoja alisema mwenzake amehesabu jiwe lililoanguka. Mwingine alisema lipo jiwe lililozama, limebaki ncha tu, na yeye hakujua kama ni jiwe la safu au ni jiwe tu. Wakabishana. Wakarudi kuhesabu upya, safari hii wakiwa wamekwisha kupatana jiwe ni kitu gani. Ndipo msichana mmoja mwenye miwani akagundua kwamba jozi zile mbili hazikwenda sambamba kabisa. Kadiri alivyotembea, ndivyo nafasi baina yake ilivyobadilika. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Nami nilikuwa nimepita pale pale nisione.

Kisha likaja swali ambalo nilijua litakuja. Mtoto mmoja wa kiume aliuliza: "Mwalimu, yalikuwa ya kazi gani?"

Yule mama akajibu: "Sijui. Hakuna ajuaye."

Nilimwonea haya. Katika miaka yangu yote ya ualimu sikupata kulitamka neno hilo mbele ya darasa. Tulilelewa kuamini kwamba mwalimu asiyejua amevuliwa nguo. Nikangoja watoto wacheke. Hawakucheka, walianza kukisia. Mmoja akasema ilikuwa njia ya wafalme. Mwingine akasema ni mahali pa kuhesabia siku. Yule aliyeuliza alisema kwamba ilikuwa njia ya kupitishia ng'ombe ili wahesabiwe. Kila mmoja aliulizwa swali moja tu: "Umeona nini hapa kinachokufanya useme hivyo?" Mtoto wa ng'ombe akaambiwa akajaribu. Akaenda kwa mikono na magoti baina ya mistari ile, wenzake wakimshangilia, hata alipofika katikati akakuta duara dogo la mawe limekaa ndani ya safu yenyewe. Akasimama, akajipangusa matope. "Ng'ombe hawezi kupita hapa," akasema, na hakuna aliyemshinda ila yeye mwenyewe.

Nataka wewe unayejiandaa kusimama mbele ya darasa ulitenge neno "sijui" la aina hii na lile la uvivu. Yule mama alikuwa amesoma sana. Watoto walipouliza mifupa ya watu wale iko wapi, alijua: udongo wa pale una asidi, nayo huila mifupa ikaisha. Alijua kwamba nchi ile tupu ilikuwa na miti zamani, na kwamba chavua ya miti hiyo imehifadhiwa ndani ya mboji, wataalamu wakaweza kusoma humo jinsi misitu ilivyofyekwa na jinsi majani yalivyofuata. Alituonyesha kaburi la sanduku la mawe, ambalo ndani yake vilipatikana vyombo vya gumegume na jiwe la kunolea, na mfuniko wake una pengo katikati kwa sababu fundi mmoja wa karne ya 19 alikata kipande akafanye mhimili wa lango. (Watoto walimchukia sana fundi huyo. Mwalimu aliwauliza ni nani kati yao anayeishi katika nyumba ya mawe, na mawe hayo yalitoka wapi. Wakanyamaza.) Alijua pia hadithi ya wenyeji kwamba mwaka 1625, tauni ilipoingia mji wa Tavistock, watu wa mashamba waliweka vyakula hapa, wenye mji wakaja kuvichukua na kuacha fedha, pande mbili zisikutane; ndiyo maana pakaitwa Soko la Tauni. Lakini hilo alilisema kwa sauti nyingine: "Inasimuliwa." Mpaka wa mambo yanayojulikana aliufahamu kama mkulima anavyofahamu mpaka wa shamba lake, na alipoufikia alisimama.

Mimi nilikuwa wa kwanza kuuvuka. Karibu na safu zile imo misingi ya nyumba za mviringo, kuta nene za mawe zilizobaki kimo cha goti, na pengo la mlango. Mimi ni mzaliwa wa Kagera, na bibi yangu aliishi katika msonge mpaka alipofariki. Nilipoingia katika mduara ule nilihisi nimeingia kwake. Watoto walinizunguka, nikaanza: hapa ndipo moto ulipokuwa, huku ndiko alikolala mama, kule walifungwa mbuzi, mlango umeelekezwa upande usio na upepo mkali. Nilisema kwa dakika kumi. Waliandika kila neno. Yule mama alingoja nimalize, akanisogelea akaniuliza kwa upole, pasipo watoto kusikia: "Ndugu, hayo umeyaona hapa, au umeyakumbuka?"

La mlango nilikuwa nimeliona, maana tuliupima upepo kwa nyuso zetu. Mengine niliyakumbuka.

Sikutaka kuachia kirahisi. Jioni ile, katika maktaba ya chuo, nikakuta kwamba Norman Lockyer, mtaalamu wa nyota, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1906 kwamba safu za Merrivale zilielekezwa kwenye mawio ya Kilimia. Kilimia! Nyota zile zile ambazo wazee wetu walizitazama kujua majira ya kulima. Nilishangilia peke yangu mle maktabani. Nilikwisha kuiona hotuba nitakayoitoa nirudipo nyumbani, jinsi wakulima wa Ulaya na wa Afrika walivyosoma kitabu kimoja cha mbinguni. Nikaendelea kusoma, nikakuta kwamba wataalamu wengi waliomfuata hawakuikubali hoja yake: nyota ni nyingi, safu za mawe katika Dartmoor zimepita 70 na zimeelekea kila upande, na mtu akitafuta nyota ya kulingana na mstari hakosi. Kilichoniuma ni kwamba nilikuwa nimeamini kabla sijasoma ukurasa wa pili, kwa sababu tu nilipenda iwe kweli.

Usiku ule ndipo nilipoikumbuka Kondoa.

Mwaka 1986 nilikuwa mwalimu kijana katika shule moja ya msingi wilayani humo. Niliwapeleka wanafunzi wa darasa la sita Kolo kutazama michoro ya miambani, ile ambayo mwaka 2006 iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Nilijivunia ziara ile. Nilikuwa na daftari langu, na ndani yake maelezo niliyoyanakili kitabuni: michoro ilichorwa na wawindaji wa kale, hawa ni watu, huyu ni mnyama. Niliwapanga watoto mstari mbele ya mwamba, nikawaamuru waandike ninavyosoma. Nadhani wengi wao hawakuinua macho kuutazama mwamba wenyewe zaidi ya mara mbili.

Msichana mmoja aliinua mkono. Akasema: "Mwalimu, huku babu hutuleta kuomba mvua."

Nikamwambia: "Kaa chini. Tunasoma historia, hatusomi ushirikina."

Wenzake walicheka. Alikaa. Mwaka mzima uliobaki hakuinua mkono tena katika somo langu lolote, na mimi nilimwandikia katika ripoti kwamba ni mtoto mtulivu. Yaliyomo katika daftari langu hayakuwa ya uongo. Lakini kuhusu mwamba wa Mungumi wa Kolo, ambapo matambiko ya mvua na ya uganga yameendelea mpaka zama zetu, mtu pekee mwenye habari aliyoipata kwa macho na masikio yake siku ile alikuwa yeye. Watu wa Merrivale waliondoka na maneno yao, yule mama na watoto wake wangetoa kitu kikubwa kumpata mtu mmoja awaambie, "Babu hutuleta hapa." Mimi nilimpata, nikamwambia akae chini. Niliporudi nchini niliulizia habari zake. Niliambiwa aliolewa akahamia Babati, na zaidi ya hapo sikufika.

Tangu hapo nimejaribu kufundisha mbinu hii chuoni, na singependa uamini kwamba ni nyepesi. Wanachuo hulalamika kwamba mtihani hauulizi mtu alichokiona bali jibu, na hawasemi uongo. Mwaka mmoja kikundi kizima kilirudi kutoka ziarani na kurasa zilizojaa "haijulikani", hata kwa mambo ambayo kibao cha Idara ya Mambo ya Kale kilichokuwa mbele yao kiliyaeleza wazi. Nikawarudisha. Asiyesoma yaliyokwisha kujulikana hana haki ya kutangaza kwamba hayajulikani.

Mwaka 2013 nilikwenda Kolo tena, safari hii na wanachuo wa mwaka wa pili. Niliwapa kamba zenye mafundo. Walipima, walichora, walibishana juu ya mnyama mmoja kama ni twiga au ni swala mwenye shingo ndefu. Maelezo ya kitabu niliyaweka mfukoni mpaka saa sita. Tulipokuwa tumekaa chini ya mwamba tukila viazi, mwanachuo mmoja mwenyeji wa vijiji vya karibu alisema, akitazama chini, kwamba kwao mahali hapa si pa kutazama tu. Kijana mmoja akaanza kucheka. Nilimtazama akaacha.

"Endelea, mwanangu," nikasema.

Akaeleza kwa muda, nani huja, huja lini, huleta nini. Kisha akanyamaza, akasema: "Mengine yapo, mwalimu, ila si yangu kuyasema."

Wenzake walinigeukia, kalamu mkononi, wakaniuliza waandikeje hapo. Nikawaambia waandike hivyo hivyo alivyosema, pamoja na sentensi ya mwisho.