Mpini Mpya, Mikono ya Zamani

Kabla ya mvua za Septemba hapa Nyangwe, kando ya mto Lualaba, fundi alilitia jembe langu mpini mpya. Pembe kati ya bamba na mpini ni pana zaidi, ili mgongo uliopita miaka 50 usiiname mno. Siku ya kwanza jembe lilizama wima na kukwama, kwa maana mikono ilishuka chini kama ilivyozoea. Jirani alisema: «Rudisha ule wa zamani.» Nikalima polepole, nikichunguza alama ya kila pigo. Likizama mno, naliinua mikono; likiparuza juujuu, naliishusha kidogo. Karanga zilipandwa kwa wakati. Mpini hubadilishwa asubuhi moja. Mwili hudai majuma.