Nilimsingizia Jirani Sumu

Samaki wangu niliwaua mwenyewe, kisha nikatangaza kwamba jirani amewatilia sumu. Nililisema hilo mbele za watu, penye mfereji tunakogawana maji hapa Nyakabere, kwenye bonde la Ruzizi. Kwa hiyo na ukweli wake nausema mbele za watu.

Bwawa langu ni la tilapia. Sisi wa Uvira tumekulia ndagala na mukeke wa Ziwa Tanganyika, samaki ambao hakuna anayewalisha, na wengi wetu ufugaji tunajifunza kwa kutazama bwawa la mwenzetu. Nilitaka wanenepe upesi. Nikamwaga samadi ya ng'ombe, nikaongeza pumba za mchele bila kupima, mpaka maji yakawa kijani kiasi kwamba ukitumbukiza mkono, vidole vinapotea kabla maji hayajafika kiwikoni. Rangi ile ilinifurahisha, maana nilikuwa nimeambiwa kijani ni chakula. Ni chakula kweli. Sikuuliza usiku kinafanya nini.

Alfajiri nilikuwa nikiwakuta juu, midomo imegusa uso wa maji, inafunguka na kufumba, vifuniko vya matamvua vinapiga haraka haraka. Nikisogea, hawakimbii. Nikasema wana njaa, tena wamenizoea. Nikawatupia pumba.

Walikuwa wanakosa pumzi. Mchana, mwani ule wa kijani hutoa oksijeni kwa nguvu ya jua, lakini giza likiingia nao huivuta kama samaki wanavyoivuta, usiku kucha, hata ikifika alfajiri bwawa limebaki karibu tupu. Na maji hayana akiba kubwa: kwa joto la bonde letu, lita moja hubeba miligramu 7 hivi za oksijeni, wakati lita ya hewa tunayovuta sisi ina karibu 250. Samaki akiona chini hakuvutiki hupanda kwenye utando wa juu kabisa, unaogusana na hewa, ajipatie kidogo kilichopo. Hapo ndipo mimi nilipokuwa nampa chakula. Samaki aliyeshiba mwili wake hudai oksijeni zaidi kwa saa kadhaa ili umeng'enye alichokula, na pumba asizozila huoza chini, nako kuoza kunakula oksijeni ile ile. Kila alfajiri niliyodhani nawahurumia, nilikuwa nawakaba.

Kisha mawingu yakatanda kwa siku kadhaa. Bila jua la kutosha, hata mchana bwawa halikujijaza. Asubuhi moja nikawakuta wakubwa wanaelea, matumbo juu, midomo wazi.

Jirani yangu shamba lake liko juu ya langu na maji humfikia yeye kwanza. Tulishawahi kugombana kuhusu zamu. Sikuhitaji ushahidi mwingine. Nikasema ametia utupa, ile sumu ya kuvulia samaki, kwenye mfereji, na watu wakaamini, kwa sababu utupa huku unajulikana na ugomvi wetu ulijulikana pia.

Nilichukua samaki wawili nikaenda mjini Uvira kwa mtafiti mmoja wa samaki. Nilitaka aandike karatasi kwamba ni sumu. Hakuwagusa. Aliniuliza, "Ndugu, walikufa saa ngapi?"

"Alfajiri."

"Walianza wakubwa au wadogo?"

"Wakubwa. Wadogo wengi wamepona."

"Na asubuhi za nyuma walikuwaje?"

Nikaanza kumweleza jinsi walivyokuwa wakinipokea juu ya maji, midomo wazi, na sentensi sikuimaliza. Niliyasikia maneno yangu mwenyewe. Hewa ikipungua bwawani, mara nyingi wakubwa ndio hutangulia. Sumu kwa kawaida huanza na wadogo, wala haingoji alfajiri. Mtafiti hakusema neno kwa muda. Nadhani aliona nimeshaelewa.

Lililoniuma zaidi ni kwamba sehemu kubwa ya hayo nilikuwa nayajua. Tangu shuleni nilijua kwamba Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, na kwamba ukipita mita 200 kwenda chini hakuna oksijeni, samaki wanaishi juu tu. Nililijua la ziwa, sikuliuliza la bwawa. Na midomo ya samaki si mimi wa kwanza kuitazama: Mjapani Michio Hori alichunguza ile ya samaki wa ziwa hili wanaonyofoa magamba ya wenzao, na mwaka 1993 akachapisha kwamba wenye mdomo uliopinda upande mmoja hushambulia ubavu mmoja wa windo lao, na wa upande wa pili ubavu wa pili. Aliwapima miaka kwa miaka kabla ya kusema. Mimi niliitazama midomo ya samaki wangu nikaipa maana niliyoipenda.

Nilirudi nikaomba msamaha pale pale mferejini, mbele ya wale wale. Jirani alinisikiliza mpaka mwisho, akasema amesikia. Zamani, nikizidiwa, alikuwa ananiachia zamu yake ya usiku, na maji mapya ya usiku ndiyo hasa bwawa linayoyahitaji. Sasa haniachii, nami sina uso wa kumwomba. Nimepunguza samaki, samadi siiweki tena kwa kukisia, na mawingu yakitanda siwalishi.