Kupona Kusiko na Kamera

Hapa Nakuru, kila msanii au mwanariadha anapoporomoka kwa ulevi, utasikia hukumu ile ile: "Pesa zilimharibu." Nimeisikia kwa kinyozi, ndani ya matatu na hata matangani. Ina wenzake wawili: kwamba mtu akipelekwa kituo cha kutibu uraibu mara moja hutoka mzima, na kwamba akirudia basi ametudharau tuliomsaidia. Nimeishi na ulevi katika ukoo wetu, na sikubaliani na hata moja kati ya hizo.

Mfano tunaopenda kuutaja ni wa karibu. Samuel Wanjiru alikuwa kijana wa Nyahururu, juu huko ukishapita Subukia. Alikwenda Japani kusoma na kukimbia akiwa na miaka 15. Agosti 2008, katika joto la Beijing, alimaliza marathoni kwa saa 2, dakika 6 na sekunde 32, akawa Mkenya wa kwanza kutwaa dhahabu ya Olimpiki katika mbio hizo. Akashinda London 2009, na Chicago 2009 na 2010. Tarehe 15 Mei 2011 alifariki baada ya kuanguka kutoka roshani ya nyumba yake Nyahururu. Alikuwa na miaka 24. Namna alivyoanguka ilizua mabishano yasiyokwisha, lakini habari za unywaji wake zilikuwa zimejaa magazetini, na tangu hapo amegeuzwa hubiri: umaskini, pesa za ghafla, pombe, kaburi.

Kama pesa ndiyo chanzo, chang'aa inayonywewa mitaani kwetu na watu wasiojua kodi ya nyumba itatoka wapi, chanzo chake nini? Pesa haimfanyi mtu mlevi. Inachofanya ni kuchelewesha siku ya kuulizwa. Mtu wa kibarua akija kazini amelewa, msimamizi atamrudisha nyumbani asubuhi hiyo hiyo. Mwenye jina amezungukwa na watu wanaokula kwake, na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kumwambia, "Ndugu yangu, unaumwa."

Ushindi nao huficha. Henry Rono wa Nandi alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978: mita 5,000, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, mita 10,000 na mita 3,000. Olimpiki hakuwahi kukimbia, kwa kuwa Kenya ilisusia michezo ya 1976 na ya 1980. Septemba 1981, pombe ikiwa tayari imemshika, alivunja tena rekodi ya mita 5,000 huko Norway. Nani angemwambia mtu wa namna hiyo kwamba ni mgonjwa? Baadaye alijikuta Marekani akibeba mizigo ya abiria uwanja wa ndege. Aliacha pombe akiwa mtu mzima, akafundisha vijana kukimbia, akarejea Kenya mwaka 2019, na kufariki Februari 2024. Rekodi zake tunazihesabu kwa vidole. Miaka aliyoishi bila pombe haina anayeihesabu, ingawa kwangu mimi huo ndio ushindi wake mkubwa zaidi.

Tunachopenda ni ufufuo wenye picha. Mwaka 2012 Afrika Mashariki nzima ilifuatilia habari za Ray C, mwimbaji wa Tanzania aliyekuwa ametekwa na heroini. Rais Kikwete alimsaidia kupata matibabu, naye akaenda Ikulu kushukuru. Tukashangilia. Miaka michache baadaye magazeti yalipoandika kwamba amerudia, wengi walisema ameichezea bahati. Lakini methadoni, dawa iliyoanza kutolewa Muhimbili mwaka 2011 kwa watumiaji wa heroini, hunywewa kliniki kila siku, kwa miezi na mara nyingi kwa miaka. Picha ya Ikulu ni ya siku moja tu.

Nayaona haya kwa binamu yangu, fundi viatu karibu na Soko la Wakulima. Tulimfanyia harambee, akakaa kituoni miezi mitatu, akarudi amenenepa na tabasamu. Alipokunywa tena, shangazi alisema, "Amekula pesa yetu." Aliyasema kwa uchungu wa mzazi, lakini maneno yale yalimrudisha binamu gizani, kwa sababu sasa alikuwa na pombe na deni la aibu juu yake.

Kilichomsaidia hakikuwa na sherehe. Sheria ya vileo ya 2010, aliyoipigania John Mututho alipokuwa mbunge wa Naivasha, iliruhusu baa kufunguliwa saa kumi na moja jioni siku za kazi. Kwa binamu, hiyo ndiyo saa ngumu. Hufunga sanduku la misumari na gundi, hutuma mapato ya siku kwa dada yake kwa M-Pesa, kisha hupiga simu kwa mzee mmoja aliyeacha pombe kabla yake. Huzungumza wakitembea, kila mmoja njia yake, hadi binamu afike mlangoni. Njia anayopita ni ndefu, maana ile fupi inapita penye wauzaji wa pombe. Akiteleza, mzee hamuulizi kwa nini. Humuuliza kama amekula, na watakutana saa ngapi kesho.

Ukoo wetu umejifunza pia kwamba kumfungia mnywaji mkubwa ndani ili aache ghafla ni hatari. Mwili uliozoea pombe ukinyimwa kwa mara moja unaweza kupata degedege, na mtu hata akafa. Anahitaji daktari kabla ya mahubiri.

Nyota mwingine ataanguka, na simu zetu zitajaa picha zake na namba ya kutuma mchango. Tuchange, ni jambo jema. Lakini tuulize pia: akitoka kituoni atalala wapi, atafanya kazi gani, na nani atapokea simu yake jioni? Na tukishamuulizia yeye, tumuulizie na kijana wa jirani ambaye hakuna gazeti litakalomwandika. Ugonjwa wao ni mmoja, na wa jirani tunaweza kumfikia kwa miguu.